Ni Chumvi Tu

Watu wa Garsen wanasema nimeua ng'ombe wa baba yangu kwa mdomo. Wanasema kwa kunong'ona nikipita sokoni, kana kwamba kunong'ona ni adabu. Sina ugomvi nao. Ningependa tu wajue maneno yenyewe yalikuwa yapi, maana siku niliyoyasema hayakuwa uongo, na hilo ndilo linalonitafuna.

Jina langu ni Abdia. Baba yangu ni Guracha, Muorma wa uwanda huu wa magharibi ya mto, mfugaji mwana wa mfugaji. Hajui kusoma hata jina lake, lakini atakutajia ng'ombe aliyekufa miaka thelathini iliyopita, na mama yake, na mama wa mama yake. Mama yangu alipofariki, majirani walimshauri anibakishe nyumbani nichote maji. Badala yake aliuza mafahali wawili akanipeleka sekondari, kisha chuo Mombasa, nikasomea kemia. Niliporudi Garsen kufundisha, alianza tabia iliyokuwa ikiniaibisha na kunifurahisha kwa pamoja. Mtu akibishana naye, iwe juu ya chanjo ya mifugo au habari ya redioni, hasemi neno mpaka amenipigia simu. Nilimwambialo ndilo analorudi nalo kwa wenzake, na hapo ubishi umekwisha.

Basi ikaja kampuni. Ilikodi eneo uwandani, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka mtoni, ikasimamisha paneli za jua safu kwa safu na mlingoti wa kupimia upepo. Walisema watatengeneza haidrojeni. Walitafuta mtu anayejua kemia na anayejua Kiorma, na ukitaka mtu wa namna hiyo hapa kwetu huhitaji kupanga foleni ya wasailiwa. Nikaacha chaki. Asubuhi nilipima maji ya mashine, mchana nilizunguka kuwaelezea watu.

Na nilielezea vizuri, nisijinyime haki yangu. Niliwaambia maji ni gesi mbili zilizokumbatiana. Ukipitisha umeme katikati yake zinaachana, oksijeni inatoka upande huu na haidrojeni upande ule. Haidrojeni ukiichoma haitoi moshi, inarudi kuwa maji. Ukiiunganisha na naitrojeni, ambayo imejaa katika hewa hii tunayovuta, unapata amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea. Kwa hiyo jua letu linalotuchoma bure lingegeuka gunia la mbolea badala ya kuagizwa kwa meli. Watu walipenda sana hapo penye jua la bure.

Jambo moja lilikuwa gumu kuelezea. Mashine ile haikunywa maji hivi hivi. Ilitaka maji safi kuliko ya kunywa, yasiyo na chembe ya kitu, la sivyo inaharibika. Na kisima tulichochimba kilikuwa na maji ya magadi, kama visima vingi vya uwandani. Kwa hiyo tulikuwa na chujio lililosukumwa kwa pampu. Katika ndoo kumi za kisima, saba zilipita safi kabisa. Tatu zilibaki nyuma zikiwa zimebeba chumvi ya zote kumi. Hizo tatu zilikwenda katika bwawa lililotandikwa nailoni nyeusi, zikauke juani.

Siku ya kufungua kiwanda kile cha majaribio, baba alikuja na fimbo yake na kikoi kipya. Wageni walikuwepo, na mpiga picha. Nilimtembeza mbele yao, na sitaficha kwamba nilitaka wanione.

"Ng'ombe wenu huyu anakula nini?" aliniuliza kwa Kiorma, akielekeza fimbo kwenye kontena jeupe lenye mashine.

"Anakula umeme, Aba, na kunywa maji."

"Maziwa yake?"

"Ni gesi. Huwezi kuiona, lakini inauzwa."

Akacheka. "Ng'ombe wa mjini. Na mavi yake yako wapi?"

Nilimwonyesha bwawa. Ukingoni mwake chumvi ilikuwa imeanza kuganda, nyeupe juu ya nailoni nyeusi. Akachuchumaa kulitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hii ina sumu?"

"Haina sumu, Aba. Ni chumvi tu."

"Chumvi ni kitu kizuri," akasema, akainuka ameridhika.

Ningekuwa na masikio siku ile ningesikia alichosema. Mimi nimelelewa katika kazi hiyo. Nilikuwa na miaka minane nilipotembea nyuma ya ng'ombe kwenda kwenye ardhi ya chumvi upande wa Kipini, siku nne kwa miguu, kwa sababu ng'ombe asiyelamba chumvi anakonda, manyoya yanasimama, hapandwi wala hatoi maziwa. Kwetu mtu anayejua mahali penye chumvi nzuri haambii kila mtu. Mzungu ukimwambia "ni chumvi tu" anaelewa kwamba hakuna la kuogopa. Mfugaji ukimwambia hivyo umempa zawadi. Nilijua hayo yote, lakini kichwa changu kilikuwa kwa mpiga picha.

Kiwanda kilifanya kazi miezi kumi na moja. Haidrojeni ilitoka kweli, hakuna aliyetudanganya katika hilo. Kilichokosekana ni mtu wa kuinunua. Aliyenifungulia macho ni Haroun, fundi mkuu wa mitambo, mtu wa Kipini, mpole, mwenye kupenda kahawa chungu. Asubuhi moja nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mashine zimezimwa.

"Ndoo uketi, Abdia," akasema, akiniita nije kwa lahaja ya kwao. "Leo hakuna maji ya kupima."

Akanieleza kama anayemweleza mtoto kifo. Kilo moja ya haidrojeni yetu ilitoka kwa bei karibu mara nne ya ile inayotengenezwa ng'ambo kwa gesi ya ardhini, ile yenye moshi. Jua ni bure, ndiyo, lakini paneli si bure, mashine si bure, na mkopo wa kuvileta una riba ambayo huku kwetu ni kubwa kuliko kwao. Tena jua hulala saa kumi na mbili, na mashine ya bei kubwa ikilala nusu ya siku, gharama yake inaangukia nusu iliyobaki. Bei ingeweza kushuka kama kiwanda kingekuwa kikubwa mara mia. Benki haikopeshi kiwanda kikubwa bila mnunuzi aliyetia sahihi ya miaka kumi na tano. Na mnunuzi hatii sahihi mpaka aone bei imeshuka.

"Kwa hiyo kila mmoja anamngojea mwenziwe," nikasema.

"Kila mmoja. Ng'ombe wa masikini hazai, bibi. Na huyu wetu hata dume hajapata."

Nilipomweleza baba, alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa huruma. "Yaani mmechimba kisima na kujenga birika, halafu ndipo mnauliza kama kuna mwenye ng'ombe." Nikacheka naye. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kucheka naye hivyo.

Barua ya kampuni ilisema mradi "umesitishwa kwa muda". Haroun alihamia Mombasa. Mashine zilifungiwa ndani ya makontena, akabakizwa mlinzi mmoja, Gershom, Mpokomo wa mtoni, mwanamume wa makamo ambaye mshahara wake nao ulikuja ukitaka. Bwawa liliachwa lilivyo. Kulifukia kulikuwa kwenye bajeti ya awamu ya pili, na awamu ya pili haikuja. Niliandika barua moja kuuliza. Sikujibiwa, na mimi nikarudi darasani, nikajiambia nimefanya wajibu wangu. Barua moja. Kwa miezi minane jua liliendelea na kazi, likinyanyua maji na kuacha chumvi, mpaka kilichobaki mle kilikuwa kizito mara nyingi kuliko siku ile baba alipochuchumaa ukingoni. Niliyajua hayo kama ninavyojua jina langu. Ni somo la kidato cha pili. Baba yangu sikumwambia, kwa sababu halikunijia kwamba kuna la kumwambia.

Mwaka jana vuli haikunyesha. Baba na ndugu yangu Abduba walikuwa wamepeleka kundi mbali magharibi, kwenye majani, wakitegemea silanga moja, dimbwi la kuchimbwa la maji ya mvua, njiani kurudi. Wakaikuta matope makavu. Wakakaza mwendo kuelekea mtoni, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ng'ombe hawajaweka tone mdomoni. Mchana wa siku ya tatu wakafika kwenye uzio wa kampuni. Mto ulikuwa saa tano mbele. Ng'ombe wakanusa maji ya bwawa, wakagoma kwenda mbele.

Yaliyotokea hapo nilisimuliwa na Gershom mwenyewe, akilia. Alisema baba hakupiga kelele wala kumtisha. Aliegemea lango tu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Gershom, ndugu yangu. Ng'ombe nakufa. Fungua mimi."

"Mzee, hayo si maji ya kunywa. Ni ya mashine."

"Mimi najua. Ni chumvi. Ng'ombe napata nguvu kidogo, jioni nafika mto."

Gershom alisita. Akamwambia, "Basi tumpigie Abdia kwanza, simu inashika hapa."

Baba akakataa. "Saa hii yeye nafundisha watoto. Mimi tayari nauliza yeye zamani. Yeye nasema hakuna sumu."

Gershom akafungua lango. Hakupewa hata senti. Alifungua kwa sababu ndama mmoja alikuwa amelala akilamba waya wa uzio, naye ana roho ya mtu. Ng'ombe wakaingia kwa pamoja, wakanywa, na baba akasimama kando akiwaita kwa majina, akiwasifu.

Abduba alinipigia saa nane na nusu, katikati ya kipindi. Alisema ng'ombe wamekuwa vipofu. Wanazunguka mahali pamoja, wanagonga paneli kwa vichwa, wengine wanarudi kinyumenyume mpaka wanakaa kama mbwa. Nikaelewa kabla hajamaliza. Nikatoka nje ya darasa. Halafu nikafanya lile ninalolijua zaidi ya yote maishani, nikajitia kujua.

"Chumvi imewazidi," nikamwambia. "Wanahitaji maji matamu, mengi, upesi. Nakuja nayo. Mwambie Aba asiogope."

Nikapata lori la maji pale Minjila. Nilipanda mbele na dereva, nikamhimiza njia nzima. Niseme kweli yote: ndani ya ule woga kulikuwa na kitu kama fahari. Nilikuwa naenda kuwaokoa. Tulipofika, baba alikuja mbio mpaka dirishani. Alikuwa na vumbi mpaka kope. Akanishika mkono, akasema, "Niliwaambia utajua la kufanya."

Tukajaza birika la nailoni tulilokuja nalo, na pipa, na kila kilichoshika maji. Wale walioweza kusimama wakanywa mpaka matumbo yakajaa. Wale waliolala tuliwamiminia kinywani, baba akiwa ameshika vichwa. Kwa muda mfupi walionekana kutulia, na Abduba akanitazama akatabasamu. Haikupita saa moja wakaanza kuanguka. Walianguka upande, miguu ikipiga, shingo zimepinda nyuma, na wale waliokunywa zaidi ndio walioanza. Fahali mwekundu, aliyekuwa akitembea mwenyewe dakika chache kabla, alianguka miguuni mwa baba.

Daktari wa mifugo wa eneo letu, Hiribae, alifika kwa pikipiki jua likielekea kushuka. Alitembea katikati ya mizoga, akaona bwawa, akaona lori.

"Nani aliwapa maji yote haya kwa mara moja?"

"Mimi," nikasema.

Hakunikaripia. Alieleza taratibu, akitazama chini. Chumvi ikishaingia kwenye ubongo, ukileta maji matamu mengi kwa ghafla, ubongo unayafyonza na kuvimba. Hupewa kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, siku nzima na zaidi. Huenda wengi wangekufa vyovyote. Huenda baadhi wangepona. Baba alikuwa amesimama hapo hapo, na Hiribae alisema kwa Kiswahili chepesi, kwa hiyo baba alielewa kila neno. Nilimwona akielewa. Hakunitazama.

Hiribae alikuwa na fomu ya kujaza. Akauliza ni wangapi waliokufa. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kama viazi, na baba hakutoa namba. Alianza kuwataja. Mweusi mwenye paji jeupe, binti wa yule aliyenusurika na mafuriko. Dada yake. Yule wa kijivu aliyemnyonyesha ndama wa mwenzake. Yule ambaye mama yangu alimkamua mwisho, na binti zake watatu. Aliendelea hivyo hivyo, bila haraka, na Hiribae akaacha kuandika, akavua kofia, akasikiliza. Wengine niliwajua tangu utotoni. Nilipomsikia akimtaja mjukuu wa yule niliyepewa mimi siku nilipozaliwa, niliketi chini mchangani nikalia kwa sauti, na hakuna aliyekuja kuninyamazisha. Walibaki sita.

Kampuni ilituma barua kusema mifugo iliingia eneo lake bila idhini. Gershom alifukuzwa kazi. Katika baraza, mwanamume mmoja alisimama akasema msomi ni mtu wa kumwogopa kuliko simba, maana simba hakuambii usiogope. Baba akainuka na fimbo yake, akawajibu kwa Kiorma.

"Binti yangu alisema kweli," akasema. "Alisema ni chumvi, na ilikuwa chumvi. Mimi ndiye niliyekaa na neno lake mwaka na nusu bila kumrudia kumuuliza. Atakayemsema tena aje aniseme mimi."

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Angenitukana ningepata pa kushika. Angenipiga kwa ile fimbo mbele ya watu wote, ningembusu mkono.

Abduba aliwachukua wale sita akaenda nao Chewele kwa wakwe zake. Baba hakufuata. Alisema mtu hawi mzigo kwa ng'ombe sita. Akaja kukaa nami hapa Garsen, katika vyumba viwili vya kupanga karibu na barabara. Asubuhi anaamka mapema kama zamani, anavaa kikoi, anachukua fimbo, kisha anasimama mlangoni. Baada ya muda anaiegemeza fimbo ukutani na kuketi. Amekonda. Ananiuliza habari za shule, ananiombea dua nikitoka, anagawana nami nyama aliyopewa. Hajanitupia neno hata moja. Nikaanza kuamini, taratibu, kwamba amenisamehe. Na nadhani ni kweli amenisamehe.

Juzi nilimpeleka hospitali, kichwa kilikuwa kikimuuma. Wakakuta presha, wakatupa dawa. Tulipofika nyumbani nilisoma paketi, nikamwekea kidonge kiganjani na kikombe cha maji kando yake.

"Kimoja kila asubuhi, Aba, ukishakula."

"Sawa, binti yangu. Mungu akuweke."

Niliingia ndani kubadilisha nguo. Nilipotoka nilikuta kikombe mahali pake, kimejaa. Yeye hakuwepo. Nikachungulia nje. Alikuwa upande wa pili wa ua, kwa Elsie, jirani yetu anayeuza maandazi, mwanamke aliyeishia darasa la nane. Amesimama amempa mgongo mlango wetu, kidonge kiko katika kiganja kimoja, paketi katika kingine, na sauti ameishusha ili nisisikie.

"Mama, samahani. Soma mimi hii. Nasema ngapi?"

Elsie akafuta mikono yake kwenye leso, akaishika paketi karibu na macho, akasoma polepole. "Kimoja asubuhi, mzee, baada ya kula."

"Wewe naona vizuri? Kimoja?"

"Kimoja."

Akamshukuru. Ndipo akakitia kinywani.